Kufufua modeli kuukuu ya gari la Safari: Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24

Modeli nyingi za plastiki zilizounganishwa miaka ya nyuma hufika mkononi mwa anayezifufua zikiwa katika hali ileile: rangi nene ya brashi, alama ya kidole iliyoyeyuka juu ya boneti, kioo cha mbele chenye ukungu, taa moja haipo na nguzo ya dirisha imekatika. Wengi hukimbilia kununua kopo la rangi mpya, na hapo ndipo modeli inapoharibika mara ya pili. Kupiga rangi ni kazi ya siku chache. Kutengua ni kazi ya wiki, na ndiko modeli inakopona au inakofia.

Hapa tunafuata gari moja tangu linapotoka kwenye boksi la vumbi hadi linaposimama kabatini: Datsun 240Z jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11 milangoni, ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za East African Safari za mwaka 1971. Gari lenyewe bado lipo kwenye mkusanyiko wa Nissan huko Zama, Japani, na Hasegawa, kampuni ya Kijapani ya modeli, imetoa seti yake ya plastiki kwa kipimo cha 1/24. Mbinu ni zilezile kwa modeli yoyote ya 1/24 au 1/25.

Kabla ya yote, izoee hesabu ya kipimo. Kwa 1/24, milimita 1 ya modeli ni milimita 24 za gari halisi. Gari lenye urefu wa mita 4.1 linakuwa sentimita 17 hivi. Ringi ya inchi 14 haifiki milimita 15. Na rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na kulipaka gari halisi tope la zaidi ya milimita 2, ndiyo maana mistari ya milango hupotea chini ya rangi ya brashi. Hesabu hii utairudia kila unapotengeneza kipande kilichopotea.

Vitu vya kuwa navyo

Kisu chembamba chenye bledi za kubadilisha (weka angalau 10, kwa sababu bledi butu ndiyo inayoteleza na kukata pasipotakiwa), msumeno mwembamba wa modeli, keekee ndogo ya mkono yenye biti za milimita 0.4 hadi 1, kibanio chenye ncha kali, na msasa wa maji namba 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Msasa unaouzwa kwa wapiga rangi wa magari unafaa kabisa. Gundi ziwe za aina tatu: gundi nyepesi ya kuyeyusha plastiki kama Tamiya Extra Thin, supagluu, na gundi nyeupe ya mbao kwa ajili ya vioo. Ongeza fila ya modeli (dawa ya kujazia mashimo), glavu, na barakoa yenye vichujio vya kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Hatua ya 1: Piga picha, kisha usiguse kwanza

Piga picha modeli pande zote, chini na ndani kupitia madirishani. Andika kila kinachokosekana. Kwa 240Z angalia hasa taa za ziada za mbele, vioo vya pembeni, waipa, bampa na kifuniko cha tenki la mafuta, maana vipande hivyo vidogo ndivyo vya kwanza kupotea. Mara nyingi kipande kinachodhaniwa kimepotea kimo ndani ya bodi, kinacheza huko. Tikisa taratibu karibu na sikio usikilize.

Angalia pia matairi. Matairi ya vinaili laini hutoa mafuta yake polepole, na mafuta hayo huila plastiki ya ringi. Ukikuta tairi limegandana na ringi, usilivute. Liache hadi hatua ya kutengua.

Hatua ya 2: Ijue gundi iliyotumika

Kila gundi huachia kwa njia yake, na ukikosea utavunja plastiki badala ya kiungo.

Gundi ya tyubu huonekana kama nyuzinyuzi zinazong'aa, matone yaliyokauka na plastiki iliyokunjamana pembeni. Hii imeyeyusha plastiki kwa juu tu, na ikizeeka huwa kavu na dhaifu. Supagluu ni ngumu kama kioo, na kandokando yake huwa na unga mweupe kama ukungu. Gundi ya epoksi huonekana kama tone la asali lililoganda.

Gundi nyepesi ya kuyeyusha ndiyo mbaya zaidi kwa mfufuaji kwa sababu haikubandika, ilichomelea. Pande mbili zimekuwa plastiki moja. Kiungo cha namna hiyo hakitenguliwi. Kinakatwa kwa msumeno, au kinaachwa kilivyo na kazi inafanyika kukizunguka. Amua mapema ni viungo vipi vya kuacha. Kama injini na chasisi zimechomelewa vizuri na zimekaa sawa, hakuna faida ya kuzitenganisha.

Hatua ya 3: Kutengua

Tia modeli kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza usiku kucha. Baridi huifanya gundi ya tyubu na supagluu ivunjike kirahisi. Ukiitoa, una dakika 5 hivi kabla haijapata joto. Shika vipande viwili karibu kabisa na kiungo, sukuma kwa kupindisha kidogo huku na huku. Usikite bisibisi kama nyenzo, kwani bisibisi huacha pengo ambalo baadaye linakula fila ya nusu siku. Kiungo kikitoa mlio wa "tak" kimeachia. Kisipoachia, rudisha friza. Viungo vigumu huhitaji raundi tatu au nne.

Anza na bodi na chasisi. Baada ya hapo ng'oa magurudumu, bampa na taa, halafu sehemu ya ndani, na vioo mwisho. Ukianza na vioo, utavipasua kwa sababu bado vimebanwa na paa na dashibodi. Kioo kilichoshikwa na supagluu hupona mara chache. Kikate taratibu kwa ncha ya kisu kutoka ndani, ukikubali kwamba mkwaruzo utaondolewa baadaye lakini ufa hauondoki.

Gundi ya epoksi inalegea ukiloweka kiungo kwenye spiriti kali kwa saa kadhaa. Asetoni, petroli na thina ya gereji visiikaribie modeli kabisa. Vinaondoa gundi, ni kweli, lakini vinaondoa na gari lenyewe: plastiki hii ni polistirini, na dakika moja ndani ya thina inatosha kuifanya uji.

Kila kipande kinachotoka kiende kwenye kifuko chenye jina lake. Skrubu na ekseli za chuma pia.

Hatua ya 4: Kuvua rangi na kromu

Lowesha pamba ya sikio kwa spiriti, sugua sehemu isiyoonekana kwa nusu dakika. Rangi ikitoka kwenye pamba, ni akriliki. Isipotoka, karibu kila mara ni enameli au laka.

Akriliki: loweka bodi kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi kwa saa 2 hadi 12, kisha sugua kwa mswaki laini. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inafanya kazi pia, polepole zaidi. Usiloweke vioo humo, kwani plastiki ang'avu ni ngumu na huweza kupata nyufa.

Enameli na laka: tumia maji ya breki ya DOT 3. Weka bodi kwenye chombo chenye mfuniko, mimina hadi ifunikwe, angalia baada ya saa 12. Rangi hukunjamana na kuinuka kama ngozi iliyoungua jua. Nyingine huchukua siku tatu. Usitumie DOT 5, maana ni silikoni: haivui rangi, na inaacha utando ambao rangi mpya haitashika juu yake. Vaa glavu, na usimwage maji yale kwenye bomba wala kwenye udongo. Yarudishe kwenye chupa, utayatumia tena.

Kromu ya kiwandani kwenye bampa na ringi ni utando mwembamba wa alumini. Jiki inautoa ndani ya dakika kadhaa hadi saa moja. Chini yake hubaki vanishi ya njano njano ambayo Jiki haiigusi. Hiyo inavuliwa kwa maji ya breki. Osha vizuri kati ya dawa moja na nyingine. Jiki isichanganywe na spiriti, siki wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Mwisho osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mara mbili. Maji yasizidi nyuzi 50 au 60 hivi, maana plastiki hii hupinda kwenye maji ya moto. Kasoro hiyo ina faida yake: bodi iliyojipinda ndani ya boksi inaweza kunyooshwa kwa kuizamisha kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70, kuinyoosha kwa vidole, kisha kuitia kwenye maji baridi ukiwa bado umeishika.

Hatua ya 5: Kunyoosha bodi

Nguzo ya kioo cha mbele iliyokatika ni ugonjwa wa kawaida wa 240Z, kwa sababu paa lake linainama na nguzo zake ni nyembamba. Gundi peke yake haitoshi. Toboa kila upande kwa biti ya milimita 0.5, kina cha milimita 3, ukiwa umeweka alama kwa sindano ili biti isiteleze. Ingiza kipande cha waya wa gitaa cha milimita 5, jaribu kikiwa kikavu, hakikisha kioo cha mbele kinaingia sawasawa, ndipo uweke supagluu kwa ncha ya kijiti cha meno. Ukibandika bila kujaribia kioo, nguzo hukaa milimita moja ndani na kioo hakitaingia tena.

Alama za vidole na mashimo ya gundi hujazwa kwa mojawapo ya njia tatu. Fila ya tyubu ni rahisi, lakini husinyaa inapokauka. Paka tabaka nyembamba za nusu milimita, kila moja ikauke usiku kucha. Ukijaza shimo lote mara moja, juu hukauka, chini hubaki laini, na baada ya mwezi mmoja utaona bonde chini ya rangi yako nzuri. Supagluu iliyochanganywa na poda ya mtoto haisinyai, ila ipige msasa ndani ya saa moja, kwani kesho yake itakuwa ngumu kuliko plastiki na msasa utachimba pembeni badala ya juu.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendelea kwa mashimo makubwa: uji wa plastiki. Katakata vijiti vya fremu ya seti yoyote (ile inayoshikilia vipande vinapotoka kiwandani), jaza theluthi ya chupa tupu, mimina Extra Thin hadi vifunikwe, acha siku moja. Unapata ute mzito wa plastiki ileile ya bodi, unaochomelea na kupigwa msasa sawa na bodi. Kasoro yake ni muda: unataka siku 4 hadi 7 kukauka. Ukiharakisha, mstari wa kiungo utajitokeza tena chini ya rangi kama kovu.

Piga msasa wa maji kuanzia 400 kwenye fila, kisha 600, 800 na 1000. Funga msasa kwenye kipande cha kifutio kwa sehemu bapa. Kidole huacha mabonde. Baada ya hapo chimbua upya mistari ya milango na boneti kwa mgongo wa bledi, ukivuta mara nyingi kwa mkono mwepesi. Mstari wenye kina hafifu hujaa rangi na kutoweka.

Vipande vilivyopotea vinatengenezeka. Antena na mabomba: zungusha kijiti cha fremu sentimita 3 juu ya mwali wa mshumaa hadi kilegee, kitoe kwenye moto, kivute, kasi ya mkono wako ndiyo inayoamua unene. Taa ya ziada yenye kipenyo cha sentimita 20 kwenye gari halisi ni milimita 8.3 kwenye modeli: kata kidude cha duara kutoka kijiti kinene, bandika karatasi ya alumini ndani. Kioo chake kata kutoka pakiti ya vidonge vya duara. Kile kifuko cha kidonge kina mbinuko uleule wa kioo cha taa.

Hatua ya 6: Praima

Praima, yaani rangi ya msingi, ndiyo inayosema ukweli kuhusu msasa wako. Tumia ya kijivu kwanza, tabaka moja jembamba, kisha igeuze bodi chini ya taa ya pembeni. Mikwaruzo, mashimo ya sindano na mstari wa gundi vitaonekana vyote. Jaza, piga msasa 1000, rudia. Mara tatu ni kawaida.

Kama plastiki yenyewe ni nyekundu na unataka kupaka nyeupe juu yake, rangi ya plastiki itapenya na kuifanya ya waridi. Zuia kwa tabaka la fedha kabla ya praima nyeupe. Kwa gari letu jekundu tatizo ni kinyume chake: rangi nyekundu huwa hafifu, na chini yake kukiwa na madoa ya kijivu na nyeupe, madoa yataonekana. Malizia kwa praima ya waridi au nyeupe kote, sawasawa.

Hatua ya 7: Rangi

Kumbuka mpangilio huu: laka chini, akriliki katikati, enameli juu. Laka iliyopigwa juu ya enameli huichemsha na kuikunja, hata kama enameli ina mwaka mzima. Ndiyo maana rangi ya zamani isiyojulikana lazima ivuliwe yote.

Kwa kopo la kupuliza, mfano nyekundu za Tamiya TS-49 au TS-8 (linganisha na picha za gari halisi, kwani ya kwanza inang'aa zaidi), zamisha kopo kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 kwa dakika 5, tikisa dakika 2. Rangi inakuwa nyepesi na matone yanakuwa madogo. Kopo lisisogezwe kwenye moto wala jiko. Umbali ni sentimita 15 hadi 20. Anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Tabaka mbili za kwanza ziwe kama umande tu, bado unaona praima. Subiri dakika 10 kati yake. La tatu na la nne ziwe nzito kidogo, zilizoloa kiasi cha kung'aa.

Kwa eabrashi (brashi ya kupuliza rangi kwa hewa) ya tundu la milimita 0.3, changanya akriliki ya Tamiya na thina yake nusu kwa nusu, iwe na wepesi wa maziwa, kwa mgandamizo wa psi 15 hadi 20 na umbali wa sentimita 5 hadi 10.

Mambo yanayoharibika hapa yana sababu zake. Rangi ikiwa na vinundu kama ganda la chungwa, imekauka hewani kabla ya kufika: umesimama mbali mno au rangi ni nzito. Ikitiririka machozi, umesimama karibu mno au hukusubiri. Ikiwa na matundu ya duara kama macho ya samaki, kuna mafuta au silikoni, kwa kawaida ya vidole. Mkunjo kama ngozi ya kobe unatokana na tabaka jipya kulila la chini lililokuwa nusu kavu.

Ikifanya weupe kama ukungu, ni unyevu. Thina inapoondoka haraka hupoza uso wa rangi, na mvuke wa maji ya hewani hugeuka matone juu yake. Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja hili ndilo adui mkuu wakati wa masika. Piga rangi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri ya siku kavu, kamwe si usiku au mvua inaponyesha. Ukungu ukishatokea, usiupake rangi juu. Subiri hewa kavu kisha puliza laka iliyopunguzwa sana, kama umande, na mara nyingi weupe huyeyuka wenyewe.

Acha bodi siku mbili hadi tatu chini ya boksi safi. Kipimo cha kukauka ni pua: ikinuka thina, haijakauka.

Boneti nyeusi inafuata. Kama ni kipande peke yake, kipige kivyake. Kama imeungana na bodi, ziba kwa tepu ya modeli ukifuata mstari wa boneti, bana ukingo kwa ukucha, funika bodi yote kwa karatasi. Puliza kwanza nyekundu kidogo kwenye ukingo wa tepu ili ijaze upenyo, kisha nyeusi isiyong'aa. Rangi itakayovuja chini ya tepu itakuwa nyekundu juu ya nyekundu. Ondoa tepu baada ya dakika 20, ukiivuta kujirudia yenyewe. Boneti haing'arishwi kwenye gari la rali: weusi huo ulikuwepo kuzuia jua lisimpige dereva machoni.

Hatua ya 8: Stika za maji

Stika hushika vizuri kwenye uso unaong'aa tu. Uso usiong'aa una vilima vidogo, hewa inakwama chini, na stika inaonyesha weupe wa fedha. Kwa hiyo puliza klia (vanishi isiyo na rangi) tabaka moja kwenye bodi nyekundu kwanza, na klia ya kung'aa kwenye sehemu ya boneti itakayobeba stika. Utaiondolea mng'ao tena baadaye.

Stika za zamani zina magonjwa mawili. Zilizogeuka njano zibandike ndani ya kioo cha dirisha, uso ukielekea jua, kwa siku kadhaa hadi wiki mbili. Jua huzifanya nyeupe tena. Zilizokauka hupasuka vipande zikigusa maji. Jaribu stika moja usiyoihitaji. Ikipasuka, puliza karatasi nzima kwa klia ya laka, acha siku moja, kisha kata kila stika kwa kufuata ukingo wake, kwa sababu sasa karatasi yote imekuwa utando mmoja.

Zamisha kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 20, weka juu ya tishu iliyoloa dakika moja, isukume kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bodi. Usiinyanyue hewani, itajikunja. Paka Micro Set, dawa ya kushikisha stika, chini, panga, kausha kwa pamba ukisukuma maji kutoka katikati kwenda nje. Inapopita juu ya mstari wa mlango au mbinuko, paka Micro Sol, dawa ya kuilainisha stika, juu na uiache. Itakunjamana kwa dakika chache kama imeharibika. Usiiguse! Inapokauka inajinyoosha na kushika umbo la bodi. Kuigusa wakati ule ndiko kunakoichana.

Kama duara jeupe la namba linaonyesha wekundu chini yake, liondoe, paka duara jeupe kwa kuzibia tepu, kisha weka namba tu juu.

Hatua ya 9: Klia na kung'arisha

Tabaka mbili za kwanza za klia juu ya stika ziwe nyembamba kabisa, kavu, dakika 30 kati yake. Klia ya laka ikimwagwa kwa wingi huila stika na kuikunja. Baada ya hapo ongeza mbili nzito zaidi, zilizoloa. Subiri wiki moja.

Piga msasa 2000 kwa maji na tone la sabuni hadi mng'ao uwe sawa kote, kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia) nzito, ya kati na laini, kila moja na kitambaa chake. Kaa mbali na kingo za milango na vilele vya matao ya magurudumu. Hapo klia ni nyembamba na utaitoboa kwa sekunde chache.

Hatua ya 10: Ndani na chasisi

Hapa usipoteze muda kwenye yasiyoonekana. Viti na dashibodi vipakwe nyeusi isiyong'aa, sehemu zilizoinuka zipakwe kijivu kidogo kwa brashi iliyo karibu kavu. Mikanda ya viti tengeneza kwa tepu ya karatasi yenye upana wa milimita 2. Chini ya chasisi itafunikwa na vumbi, hivyo kazi nyingi huko ni bure.

Hatua ya 11: Vioo na kromu

Mikwaruzo ya kioo iondoe kwa msasa 1500, 2000, kisha kompaundi laini. Msasa utakifanya kioo kiwe cheupe kama maziwa. Endelea, uangavu hurudi kwenye kompaundi. Osha, kisha kichovye kwenye klia ya akriliki ya maji na ukisimamishe kwenye tishu ili ziada ishuke. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu hairuhusiwi karibu na kioo, kwa sababu mvuke wake ndio ule ukungu uliokuwepo mwanzoni.

Tepe nyembamba za kromu zinazozunguka vioo: kata Bare-Metal Foil (karatasi nyembamba ya chuma yenye gundi) pana kuliko tepe, lalisha, gandamiza kwa pamba ya sikio, kata ukingo kwa bledi mpya kabisa. Bampa: paka nyeusi inayong'aa, isiwe na vumbi, acha siku mbili, kisha rangi ya kromu ya Molotow Liquid Chrome. Usiipige klia juu, itageuka kijivu.

Hatua ya 12: Magurudumu na kusimama

Ringi iliyoliwa na tairi jaze, piga msasa, paka. Kabla ya kurudisha tairi, zungushia ringi utepe wa karatasi ya alumini mahali linapogusa, la sivyo ugonjwa utarudi. Weka chasisi juu ya kipande cha kioo bapa, sukuma magurudumu hadi yote manne yaguse, ndipo gundi. Chomeka karatasi chini ya kila tairi: ikipita bure kwenye moja, rekebisha kabla gundi haijashika.

Hatua ya 13: Vumbi la Safari

Safari ilikimbizwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikianza, hivyo gari lilipita kwenye vumbi jekundu na tope ndani ya siku hiyohiyo. Modeli inayong'aa kama ya dukani ni sahihi kwa gari kabla ya kuanza tu.

Saga chaki za rangi ya udongo, au chukua udongo mwekundu wenyewe, ukaushe kwenye kikaango, uchuje kwa soksi ya nailoni ya kike. Chembe inayoonekana kwa jicho ni jiwe kwa kipimo cha 1/24. Changanya unga na tapentaini kidogo, paka kwa brashi laini, uache ukauke, kisha futa kwa pamba kutoka juu kwenda chini. Vumbi halikai popote tu: linajaa nyuma ya matao ya magurudumu, chini ya milango, na zaidi ya yote kwenye mgongo wa 240Z, maana hewa ya nyuma ya gari lenye mgongo ulioinama huvuta vumbi na kulirudisha kwenye kioo cha nyuma. Tope zito: ongeza gundi nyeupe kidogo kwenye unga, lirushe kwa kupiga brashi kwa kijiti kutoka nyuma ya gurudumu, mwelekeo ambao tairi lingelitupa.

Kwa kioo cha mbele kata tepu mbili kwa umbo la feni, zibandike mahali waipa zinapofuta, puliza vumbi, ondoa. Usizibe vumbi hili kwa klia isiyong'aa, kwani nusu yake itatoweka na iliyobaki itakuwa giza. Tapentaini ikishakauka inatosha kulishika. Tangu hapo shika modeli kwa chini tu, kwenye chasisi, na uiweke kwenye boksi la kioo mbali na dirisha: jua lile lililozing'arisha stika ndilo litakaloifubaza nyekundu.